Eda ya Mume Aliye Hai

Sehemu ya Saba

Juzi msomaji mmoja wa Michenzani alinisimamisha pale Darajani, fungu la tungule mkononi, akaniuliza bila hata ya salamu: "We bwana, ile chai ya maiti ishapoa?"

Imepoa, bibi yangu. Tulipoachana Ijumaa iliyopita, Mansour Haji, ambaye gazeti la Mnara lilimtangaza kuwa amefariki dunia, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya gazeti hilo hilo, Mkunazini, juu ya duka la mabuibui. Alikuja kudai masahihisho. Kikombe kilikuwa mdomoni. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mize wa Bwejuu, mkewe, mwanamke aliyekwisha kumkalia eda na akaimaliza.

Najua mlitaka azimie. Hakuzimia.

"Asalaam aleikum," alisema Mize kutoka nyuma ya nikabu.

Aliyeitikia ni Bi Rukaiya peke yake. Mansour aliijua ile sauti. Chai ikammwagikia kifuani, na kanzu ilikuwa nyeupe.

Mize alimtazama mara moja, kama unavyomtazama mtu uliyemdhania mwengine. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kutafuta gazeti la zamani. Lile la msiba. Nilicho nacho ni kipande, na sheha wetu hataki kipande. Kasema nilete gazeti zima ndipo aniandikie barua ya ndoa. Mimi naolewa Ijumaa."

Bi Rukaiya, kwa mliochelewa, ni mama mtu mzima ambaye kazi yake katika Mnara ni moja tu: kuandika ile safu nyembamba ya ukurasa wa saba inayoitwa "Tumekosea". Yeye ndiye aliyeomba radhi walipotoa picha ya fahali wa maonyesho na chini yake jina la mgeni rasmi. Yeye ndiye aliyeomba radhi walipoandika kwamba kisima kimezinduliwa kwa shangwe, na kisima chenyewe hakijachimbwa. Zamani alikuwa akiona haya hadi usiku hapati usingizi. Siku hizi huandika "tunaomba radhi" kama mtu anavyofagia ukumbi. (Gazeti letu hili halimo humu. Sisi tukikosea, hukosea madogo madogo.)

Lakini siku ile Bi Rukaiya hakuanza na radhi. Akamwonyesha Mize kile kiti cha pili, cha Mansour.

"Mwanangu, huyu hapa unamwona?"

"Namwona."

"Unamjua?"

"Nlikuwa namjua."

Mansour akainuka. "Mize, mimi niko hai!"

"Naona."

"Hufurahi?"

Mize alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa kumkomoa. "Sijui, Mansour. Ulipokufa sikulia. Watu wakanisema, mke gani huyu hana hata chozi. Na sasa uko hai, nako sisikii kitu. Pengine aliyekufa ni mimi, gazeti likakosea mtu."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya muhogo. Bi Rukaiya akasimama, akaenda ghalani kulitafuta lile gazeti, maana mikono yake ilitaka kazi.

Alirudi nalo, akalifungua juu ya meza. Basi na tuone kosa lilivyokuwa, kwa sababu kosa hili haliwezi kufanywa Ulaya wala Dar. Ni letu.

Aliyefariki ni Bi Tahiya, mama yake Mansour, wa Jang'ombe. Familia ilitaka kutoa tangazo, na tangazo linataka picha. Lakini Bi Tahiya alikuwa mwanamke wa stara. Katika maisha yake hakutoa uso wake kwa mpita njia, seuze atolewe gazetini akiwa maiti? Kwa hivyo wakafanya wafanyavyo wengi: wakapeleka picha ya mwanawe mkubwa, ili watu wajue aliyekufa ni mama wa nani. Ikafika kwa Machano, mpiga picha na mpanga kurasa wa Mnara. Machano akaiona picha, akaliona tangazo la kifo, akaona jina la kwanza juu ni Mansour Haji. Akaandika chini ya picha: "Marehemu Mansour Haji."

Jang'ombe nzima ilijua kwamba ni kosa. Wakacheka kidogo, wakaendelea na msiba wao. Hakuna aliyekwenda kulalamika, na kosa lisilolalamikiwa Bi Rukaiya halimfikii.

"Mie nilinunua bajia," alisema Mize. "Muuzaji kazifungia karatasi. Nilipozila zikesha, nikamwona Mansour yumo ndani ya mafuta, na chini imeandikwa marehemu. Huku juu palichanika."

"Hukuuliza mtu?" Bi Rukaiya akasema.

"Nlimtuma kaka yangu, Ismail. Jirani yetu Shaame akampakia kwa Vespa yake, wakaja mpaka Jang'ombe. Wakakuta mikeka, wakakuta watu wanasoma. Ismail akarudi akanambia, ni kweli dada, msiba upo."

Na nyinyi mnaosoma msimcheke Ismail. Nani kati yenu amepata kuingia msibani akauliza aliyekufa ni nani? Unavua viatu, unapewa juzuu, unasoma, unakula wali wa watu, unasema Mola awape subira, unaondoka. Ukiuliza utaonekana umefuata wali.

Basi Mize akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, bila ya manukato, bila ya kushuka pwani. Yeye ni mkulima wa mwani. Mwani haujui eda. Kamba zake zililegea, bahari ikachukua iliyochukua, wenzake wakaokoa walichoweza. Alipotoka hakuwa na shamba.

"Umenikalia eda!" alisema Mansour, na sauti yake ililegea. Alitaka kulia, na nadhani alitaka aonekane akilia. "Mke wangu kanikalia eda. Bi Rukaiya, liandike na hilo. Andika: Mansour Haji yu hai, na mkewe Mize bado ni mkewe. Ukurasa wa mbele, na picha yangu juu yake."

"Masahihisho hayatoki ukurasa wa mbele."

"Mliponiulia ndipo mnifufulie!"

"Tulikuulia ukurasa wa tisa," Bi Rukaiya akamwambia. "Saba ni karibu zaidi."

Mize akamgeukia mumewe kwa mara ya kwanza. "Mansour, mimi nakutaka neno moja tu. Uliondoka kwenda Mtwara kutafuta maisha. Ukatafuta hata ukasahau ulichokiacha. Hukuleta chakula, hukuleta nguo, hukuleta talaka. Si mjane, si mwari, si mke. Nipe talaka yangu uende zako."

"Siitoi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda."

Hapo hata mimi ninayewasimulia kalamu ilinigoma. Kupenda! Miaka yote ile, hata kikanga cha sikukuu hakikuja, leo kupenda.

Bi Rukaiya alikuwa akilitazama lile gazeti. Halafu akaitazama simu ya Mansour iliyokuwa juu ya meza. Tangu asubuhi mtu yule alikuwa akimwonyesha kosa kwenye simu, si kwenye gazeti. Picha ya ukurasa mzima, safi, haijakunjwa.

"Bwana Mansour, hii picha ya ukurasa nani kakupa?"

"Mdogo wangu. Alinitumia."

"Lini?"

"Si wakati ule ule wa msiba. Nlikuwa Mtwara, maziko sikuyawahi..."

Akaifunika simu kwa kiganja. Alikwishachelewa.

"Kwa hivyo ulijua," alisema Bi Rukaiya polepole. "Tangu mwanzo ulijua kwamba umetangazwa maiti. Simu yako ina salio. Namba yetu imo ukurasa wa mwisho. Kwa nini hukupiga?"

Mansour aliinama. Alipojibu, alijibu kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Nlitaka nione nani atanililia."

"Ukaona?"

"Hakuna. Mdogo wangu ndiye alinambia, kuna mke wako Bwejuu kakaa eda. Nikasikia raha, Bi Rukaiya. Wallahi nikasikia raha. Nikasema, basi yuko mmoja."

"Ukamwacha akae."

"Nikamwacha akae."

"Na leo umekuja kwa sababu umesikia anaolewa."

Sote tunajua jibu.

Mize alikuwa ametulia vile vile. Nilitarajia atapiga kelele, amrushie kikombe, awe kama sisi. Alikuwa anatazama mikono yake, ile mikono ya pwani iliyokuwa imelainika kwa kukaa ndani.

"Ungenipigia simu," alisema tu. "Mwani wangu ungepona."

Bi Rukaiya akachukua kalamu. Aliandika sentensi zake za kila wiki, tulikosea, tunaomba radhi. Kisha akaongeza moja ambayo hajapata kuiandika: kwamba Bwana Mansour alilijua kosa hili tangu lilipotoka, na akanyamaza wakati mkewe amekaa eda yake. Akamsomea.

"Hiyo ya mwisho ifute!"

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, lakini gazeti si mahakama."

"Mimi sihukumu, bwana. Mimi nasahihisha. Mpe mwanamke neno lake, ondoka na heshima yako. Na mimi nitakwenda kumuuliza mhariri wangu kama mstari huo una faida kwa msomaji."

Mansour alitazama karatasi, akamtazama Mize, na kwa muda Bi Rukaiya alidhani neno linakuja. Halikuja. Akachukua simu yake, akaikunja ile sehemu ya kanzu yenye chai.

"Chapa utakavyo. Ijumaa gazeti likitoka, nitakuja Bwejuu nalo mkononi, msikitini, mbele ya watu. Tumwone huyo atakayeoa mke wa mtu."

Akatoka. Ngazi za nyumba ile ni za mbao, za kizamani. Zilimlalamikia mpaka chini.

Wakabaki wanawake wawili na gazeti.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye khatari. Mnara hutoka Ijumaa, lakini shamba hulifika mchana, baada ya watu kutoka msikitini. Ndoa ya Mize ilikuwa asubuhi. Sheha hana habari. Bwejuu haina habari. Akitoka pale na gazeti zima la zamani, barua angepata siku ile ile, na Ijumaa angekuwa mke wa Shaame, yule jirani mwenye Vespa, kabla ya marehemu kufufuka. Haramu? Haramu. Lakini karatasi ingekuwa safi.

Bi Rukaiya alilijua hilo. Mize naye alilijua. Walikuwa wanalitazama wote wawili, limelala juu ya meza na uso wa Mansour.

Ofisi ile ina desturi yake. Gazeti lenye kosa haliuzwi tena mpaka ligongwe muhuri mwekundu, KOSA, juu ya pahala lilipokosewa. Muhuri ulikuwa pale, karibu na kidau cha wino. Bi Rukaiya aliuchukua, akaushika, na mkono haukushuka. Alijiambia: nimesahihisha mambo ya kila mtu, ng'ombe na wageni rasmi na visima. Nikisahau moja leo, nani ataumia?

Akauweka muhuri chini.

"Lichukue, mwanangu," alisema bila ya kumtazama. "Nenda nalo."

Mize alilishika. Akalikunja mara mbili, akalitia mkobani, akafika mlangoni. Pale mlangoni akasimama. Kisha akarudi, akalitoa, akalitandaza.

"Ligonge, Bi Rukaiya."

"Una hakika?"

"Likibaki hivi nitalitumia. Najijua. Ligonge."

Muhuri ukashuka. Uso wa Mansour ukapata KOSA kutoka paji mpaka kidevu. Mize akashukuru, akashuka ngazi na gazeti ambalo sasa halikuwa na thamani hata ya kufungia bajia.

Chini alikuwa anangojewa. Shaame, mchumba wake, aliyefika punde hivi, ameegemea Vespa kwenye uchochoro, kofia mpya, uso una furaha ya mtu ambaye mbuzi wake wa karamu keshafungwa uani. Ni mtu mwema, Shaame. Wakati wa eda alikuwa akipeleka samaki mlangoni, anakohoa, anawacha, anaondoka bila ya kutazama ndani. Wasomaji wengi mmempenda. Hata mimi.

"Umelipata?"

"Nimelipata." Mize hakujua aanzie wapi, kwa hivyo akaanzia mwisho. "Shaame, Mansour yu hai."

Mtu akiambiwa maiti yu hai husema Subhanallah. Husema usinitanie. Huuliza: hai vipi?

Shaame alisema: "Nani kakwambia?"

Mize alimtazama. Mara ya kwanza siku ile, kitu kilimgusa, mbali, kama mlango unaogonga nyumba ya tatu.

"Sema tena."

"Nauliza tu, nani kakwambia..."

"Ulikuwa unajua."

Shaame alivua kofia, akaivaa tena. "Mize, twende nyumbani tutazungumza."

"Tuzungumze hapa. Siku ile ya Jang'ombe ulikuwa na Ismail. Ulijua?"

Uchochoro ulikuwa na mpita njia mmoja mmoja. Shaame akashusha sauti. "Ismail alikaa ndani anasoma. Mie nilikaa nje na wenye kupika. Wakawa wanamtaja marehemu, Bi Tahiya hivi, Bi Tahiya vile. Nikauliza, na Mansour je? Wakasema yuko Mtwara. Nikarudi ndani nikamwambia Ismail, tushasoma, twende zetu."

"Hukumwambia."

"Ningemwambia ingekuwaje? Ungebaki vile vile! Huna mume, huna talaka, unaota mvi ndani ya nyumba ya kaka yako. Gazeti limekosea, Mize, lakini lilikuwa limekufungua. Mimi nimenyamaza tu. Sikusema uwongo hata mmoja."

"Ukaniletea samaki."

"Kila nilipopata."

"Nimo ndani nimevaa nyeupe, namkalia eda mtu aliye hai, na wewe unaniletea samaki."

"Kwa mapenzi, Mize!"

Wawili sasa kwa siku moja. Mwanamke huyu alipendwa, wallahi. Kila aliyempenda alimwacha akae.

Hakulia hata hapo. Alifungua mkoba, akampa Shaame lile gazeti lenye muhuri, akageuka, akazipanda ngazi.

Bi Rukaiya alikuwa bado amekaa mbele ya karatasi yake. Machano alikuwa ameingia, kamera begani, anauliza ukurasa wa saba uko wapi, kurasa zote zimekwisha kufungwa umebaki huo.

"Umesahau kitu?" Bi Rukaiya akamuuliza Mize.

"Nafasi ipo, kwenye Tumekosea?"

"Ipo kidogo."

"Niandikie na mimi." Mize alibaki amesimama. "Ndoa ya Ijumaa Bwejuu haipo, watu wasijisumbue kuja. Kwa Mansour sirudi, nakwenda kwa kadhi kudai haki yangu, na ule mstari wako wa mwisho nitakwenda nao. Na Shaame naye alijua. Hilo uliandike vile vile."

Kalamu ya Bi Rukaiya ilikuwa inakwenda. "Nitie jina la nani chini? La kaka yako Ismail?"

"Langu."

Kalamu ikasita, kisha ikaliandika.

Machano akakuna kichwa. Yule ndiye mwenye kosa la mwanzo, na mpaka wakati ule alikuwa hajui. "Hapo patabaki nafasi ya picha," akasema. "Huwa tunaweka ya mwanamme wa ukoo. Mna picha ya huyo Ismail?"

Chini mlango wa njiani uligonga ukuta. Mansour alikuwa amerudi. Zikasikika sauti mbili za wanaume, moja inasema mke wangu, nyengine inasema mchumba wangu. Kisha miguu kwenye zile ngazi za mbao, mingi, inapanda pamoja.

"Nifunge mlango?" Machano akauliza.

"Uwache wazi," alisema Mize. Akapeleka mkono nyuma ya kichwa, akaifungua nikabu, akaikunja vizuri, akaitia mkobani. Akakaa kwenye kiti kile kile alichokuwa amekalia marehemu, akaitazama kamera.

"Nipige mimi. Na chini yake, Machano, andika kwamba niko hai."